Kwenda Ukerewe na Vitabu vya Ukerewe

Kitabu kilichonitoa Dar es Salaam hadi Ziwa Victoria ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali, riwaya ya Aniceti Kitereza. Nilianza kuisoma kwa sababu rafiki yangu hakuacha kuizungumza. Kila tulipokutana alikuwa na kipande kipya cha kunisimulia. Leo Myombekere kaenda ukweni kumfuata mkewe aliyechukuliwa na wazazi wake. Siku nyingine yuko mbioni kutafuta ndizi za kutengenezea pombe ya faini. Baadaye mganga ameitwa na mume na mke wanasubiri dawa ifanye kazi. Hadithi ilikuwa imeshanishika kabla sijakishika kitabu chenyewe. Nikamwomba aniazime. Akakubali kwa sharti moja: nikimaliza, nimsimulie mtu mwingine.

Nilipofika katikati niliona sitaki kukimalizia ndani ya daladala ya Mbagala. Watu wa Kitereza wanalima, wanavua, wanahudumia migomba yao, wanatembeleana na kupelekeana chakula, na yote hayo yanatokea mahali ambapo mtu anaweza kupanda meli akafika. Basi nikapanga safari. Begini nikaongeza Rosa Mistika na Gamba la Nyoka, riwaya mbili za Euphrase Kezilahabi, naye mzaliwa wa kisiwa hichohicho. Nilitaka kusoma nikiwa huko. Vilevile nilitaka kuwauliza wenyeji swali ninalolipenda kuliko maswali yote ya kufahamiana: unasoma nini siku hizi?

Melini

Mwanza ni jiji la mawe. Nyumba zimepanda vilima katikati ya majabali makubwa, na ufukweni Jiwe la Bismarck limesimama majini likipigwa picha na kila mgeni. Asubuhi bandarini kulikuwa na magodoro, kreti za soda, mabati, madumu ya mafuta na kina mama waliokuwa wakirudi kisiwani baada ya kuuza dagaa. Meli ya Nansio huchukua muda wa zaidi ya saa tatu, muda unaomtosha msomaji kabisa. Nikapata nafasi kwenye benchi upande wenye kivuli na kufungua kitabu nilipokuwa nimeishia.

Sikufika mbali. Mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa, aliyekaa kando yangu na mtoto mapajani, alikuwa akiliangalia jalada.

"Dada yangu, hicho ni kitabu cha nini? Nimeona jina la kwetu."

Nikamwambia ni hadithi ya mume na mke wa Ukerewe wa zamani, kabla ya utawala wa wazungu. Wanapendana, ila hawajapata mtoto. Ndugu wa mume wanaanza kumsimanga mke, maneno yanawafikia wazazi wake, nao wanakuja kumchukua binti yao warudi naye nyumbani.

"Hao ndugu wa mume bado wapo," akasema. "Nakaa nao."

Watu wawili watatu waliokuwa karibu wakacheka, na kuanzia hapo kitabu hakikuwa changu tena. Kijana mwenye sare ya shule aliyekuwa anarudi likizo akauliza kama Myombekere alioa mke mwingine. Nikamwambia hapana, alimfuata Bugonoka kwao. Wakwe wakamtoza faini ya pombe ya ndizi, akarudi nyumbani kuitafuta. Hapo nikawaeleza sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kitereza hatuambii tu kwamba pombe ilipikwa. Anatupeleka hatua kwa hatua: ndizi zinavyopatikana na kuivishwa, kazi inavyogawanywa, marafiki wanavyokuja kusaidia, vyombo vinavyoazimwa, na wasiwasi wa mtu ambaye ndoa yake inategemea kinywaji hicho kitoke vizuri. Mtu asiyeijua kazi hiyo akiyasoma maelezo yale kwa makini, ataifahamu.

Mzee mmoja aliyevaa kofia ya pama alikuwa amenyamaza muda wote. Sasa akasogea. Akataka kujua kitabu kinasema nini kuhusu kuivisha ndizi, nikamsomea kwa sauti. Akasikiliza huku akitikisa kichwa kukubali, kisha akaongezea alivyofanya baba yake, na mama wa dagaa akampinga kwa alivyofanya bibi yake, na mjadala ukawa mkali kiasi kwamba hatukuona Mwanza ilivyopotea nyuma yetu. Mzee akahitimisha kuwa wakwe walifanya vema. Mwanamume aliyemtafutia mkewe faini kwa jasho lake, alisema, hawezi kuwasikiliza tena ndugu wanaomsimanga.

Nikageuza swali. Kijana wa shule alikuwa na Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, kitabu walichokuwa wakikisoma darasani. Alikitoa kwenye begi akatusimulia habari za Peter na Zita, watoto waliofukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, wakaishia kutafuta riziki jalalani jijini Dar es Salaam. Alisimulia bila kupepesa, kwa maneno yake mwenyewe. Mama wa dagaa akamuuliza bei ya sare siku hizi, kisha akamuuliza Zita aliishia wapi. Mzee alisema yeye husoma Biblia na gazeti likimfikia, ila ujanani alizifuata riwaya za Elvis Musiba, na mpelelezi Willy Gamba alimfanya achome mafuta ya taa ya baba yake mpaka akachapwa. Alituhadithia Kikosi cha Kisasi kwa mikono yote miwili.

Nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba watu wetu hawasomi. Kwenye benchi lile nilikuta watu ambao vitabu vimewapungukia, lakini hamu ya kusikia kilichomo ndani ya vitabu wanayo tele. Hayo ni mambo mawili tofauti, na dawa zake ni tofauti. Anayekosa hamu atahitaji kushawishiwa. Anayekosa kitabu anahitaji kitabu, au kwa kuanzia, mtu aliyekisoma.

Nansio

Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vilivyo ndani ya maziwa ya Afrika, na Nansio ndio makao makuu ya wilaya. Ni mji wa soko, samaki, bodaboda na machungwa. Jioni nilikula sato wa kukaanga kwa ugali wa muhogo, nikakaa nje ya nyumba ya wageni na kitabu changu mpaka mwanga ulipoisha.

Mwenye nyumba ya wageni alipojua kilichonileta, akanipeleka kesho yake kwa jirani yake, mwalimu mstaafu. Nilimkuta kibarazani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia umekuja na vitabu vyetu. Karibu, keti, tuvione."

Akavishika kimoja kimoja, akaviangalia mgongoni na ndani, kama fundi cherehani anavyoipima nguo iliyoshonwa na mwenzake. Kwa Rosa Mistika akatulia. Alinikumbusha jambo ambalo nilikuwa nalijua vipande vipande bila kuviunganisha. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwisho wa mwaka huo ukatolewa wito kwamba wilaya sita zifute kabisa ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ndani ya mwaka 1971, na Ukerewe ilikuwa mojawapo, pamoja na Mafia, Masasi, Pare, Kilimanjaro na Dar es Salaam. Kanda ya Ziwa ilikuwa imeshaanza kazi hiyo kabla, kwa mradi wa majaribio ulioendeshwa na serikali kwa msaada wa Umoja wa Mataifa tangu 1968, ambapo watu walijifunza kusoma kwa vitabu vya kilimo cha pamba, uvuvi na lishe.

"Sasa hesabu," mwalimu akaniambia. "Rosa Mistika ilitoka mwaka gani?"

Ilitoka 1971. Mwaka uleule ambao kina baba na kina mama wa kisiwa hiki walikuwa wanakaa chini ya miti jioni, baada ya shamba na ziwa, wakijifunza kuunganisha herufi, ndipo ilipotoka riwaya inayoanzia katika kijiji cha kisiwani kwao. Hakuna aliyepanga mambo hayo yakutane. Ila nikiwa kibarazani pale niliona thamani ya kukutana kwake: watu wanafunguliwa mlango wa kusoma, na nyuma ya mlango wanakuta nyumba yao wenyewe imeandikwa, pamoja na maovu yake.

Maana Rosa Mistika haikuwabembeleza. Ni habari za Rosa, binti wa Zakaria wa Namagondo, baba mlevi na mkali aliyembana binti yake kwa fimbo na vitisho. Barua moja kutoka kwa kijana aitwaye Charles inatosha kumletea kipigo. Rosa anapokwenda kusoma Mwanza, mbali na fimbo, hana kitu kingine ndani yake cha kumwongoza, kwa sababu nyumbani hakuwahi kuzungumzishwa, alilindwa tu. Anaanguka vibaya, na mwisho wake ni kifo. Kitabu kilizuiwa mashuleni kwa muda kwa kuonekana kinaeleza mno mambo ya mapenzi. Baadaye kiliruhusiwa, na hatimaye kikawa kitabu cha kiada.

Mwalimu alikisoma wakati kimezuiwa. Kilikuwa kinapita kwa walimu vijana kikiwa kimefunikwa gazeti, na kila aliyekipata alipewa siku chache kabla ya kukipitisha kwa mwingine. "Tulikuwa tunasoma usiku, mchana tunajadiliana," alisema. "Wengi wetu tulikuwa na watoto wa kike. Niliporudi nyumbani nilianza kuongea na binti zangu."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya nipende kazi ya riwaya upya. Kezilahabi hakuandika hotuba kwa wazazi. Aliandika habari za baba mmoja, akawaachia wasomaji wajione.

Kagunguli

Kutoka Nansio nilipanda bodaboda kwenda Kagunguli. Barabara ilipita kati ya mashamba ya mihogo, mpunga, migomba na michungwa, na majabali ya mawe yaliyokaa mashambani kama sehemu ya ukoo. Dereva alitaka kujua kama naenda hospitali au parokiani. Nikamwambia naenda kupaona alikoishi mwandishi. Akaniuliza mwandishi wa gazeti gani.

Nikamsimulia njiani, huku upepo ukinilazimisha nipige kelele, na nitasimulia hapa pia kwa sababu kisa cha kitabu hiki kinastahili kujulikana sawa na kisa kilichomo ndani yake.

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Alisoma kwa wamisionari Kagunguli, kisha katika seminari ya Rubya huko Kagera, akajifunza Kilatini na Kijerumani. Aliporudi kisiwani alioa, na yeye na mkewe Anna walifiwa na watoto wao wakiwa bado wachanga. Alikuwa mtu wa kuwasikiliza wazee na kuyaandika waliyoyasema, na aliona jinsi wazee wale walivyokuwa wakiondoka na mambo yao. Alitaka watakaozaliwa baadaye wajue mababu zao waliishi vipi, na wayajue hayo kwa Kikerewe chenyewe. Akaamua kuyaweka yote ndani ya hadithi ya mume na mke wanaotafuta mtoto. Alimaliza mwaka 1945.

Hapo ndipo mtihani ulipoanza. Hakukuwa na mchapishaji wa kitabu kinene cha Kikerewe, lugha ya watu wachache wa visiwani. Muswada ukakaa. Ulibaki hai kwa njia moja tu: kila aliyeusoma alimwambia mtu mwingine. Padri Almas Simard wa Kanada aliusoma akamtia moyo mwandishi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanahistoria wa Marekani, Gerald Hartwig, alifika kisiwani na mkewe Charlotte kwa utafiti wa historia ya Wakerewe, wakamkuta mzee na kazi yake. Mwaka 1972 wakaandika makala ya kumtambulisha kwa wasomaji wa fasihi ya Afrika. Kitereza mwenyewe, akiwa ameshazeeka, alikaa akaitafsiri riwaya yake yote kwa Kiswahili ili ipate njia ya kutokea. Ikatolewa na Tanzania Publishing House kwa tarehe ya mwaka 1980, ikichapishwa China. Kitereza alifariki mwaka 1981, nakala zikiwa hazijamfikia mkononi.

Baada ya hapo kitabu kilipata miguu. Kikasomwa kwa Kijerumani na Kifaransa, na mwaka 2002 Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakatoa tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa kutoka Kikerewe na Gabriel Ruhumbika. Ruhumbika naye ni mwana wa Ukerewe, na mwandishi wa riwaya za Kiswahili kwa haki yake mwenyewe. Kitereza, Kezilahabi, Ruhumbika: watu watatu wa kisiwa kimoja, na kila mmoja ameiacha fasihi yetu ikiwa pana kuliko alivyoikuta.

Miaka 35 kutoka muswada hadi kitabu. Nikiufikiria muda huo, sioni kampuni wala ofisi iliyoubeba. Naona watu wachache waliosoma kurasa zile wakashindwa kunyamaza. Mmoja angenyamaza, mnyororo ungekatika.

Kagunguli niliketi chini ya mwembe karibu na kanisa nikaendelea kusoma. Kilichonishangaza ni jinsi ukurasa ulivyobadilika nikiwa pale. Nikiwa Dar es Salaam nilikuwa nayapita haraka maelezo ya watu kusalimiana, kukaribishana na kuulizana habari za nyumbani, niliyaona marefu. Pale chini ya mwembe watu walipita, na kila aliyepita alisimama. Wakanisalimu, wakaniuliza nimetoka wapi, nimefikia kwa nani, nimekula. Bibi mmoja alirudi na machungwa. Kitereza alikuwa ameandika mwendo halisi wa maisha, na mwendo huo bado upo. Msomaji akiwa na haraka, kasoro iko kwenye haraka yake.

Bibi wa machungwa aliketi. Nikamwambia kilichomo kitabuni, naye akanieleza kwamba alijifunza kusoma akiwa mama mwenye watoto, kwenye madarasa yale ya jioni. Alikuwa bado anasoma. Mjukuu wake humletea vitabu vya shule akivimaliza. Wakati huo alikuwa katika Marimba ya Majaliwa ya Edwin Semzaba, habari za mtoto anayezunguka nchi yote, na alikuwa ameipenda kwa sababu hakuwahi kutoka Kanda ya Ziwa. "Nimeshafika mbali na huyo mtoto," alisema. Nikamsomea kurasa kadhaa za Myombekere. Alifumba macho, na palipotajwa kitu alichokijua alikitaja kwa Kikerewe, taratibu, kimoja baada ya kingine. Kitereza aliandika ili mambo hayo yasipotee. Nilikuwa nimekaa na mtu ambaye kwake hayakupotea, nikaona fahari kuwa msomaji.

Namagondo

Jina la Namagondo nililijua tangu sekondari, kama wasomaji wengi wa Kiswahili wanavyolijua, kwa sababu ya Rosa. Kezilahabi alizaliwa huko mwaka 1944. Alisoma na kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akapata shahada ya uzamivu Wisconsin, Marekani, akaja kufundisha Botswana kwa miaka mingi, na akafariki Januari 2020. Katika riwaya zake za mwisho, Nagona na Mzingile, aliiacha kabisa njia ya kusimulia ya kawaida akaingia kwenye fumbo. Ila riwaya zake za mwanzo zina udongo wa huku.

Gamba la Nyoka, iliyotoka 1979, niliisoma yote nikiwa kisiwani. Inahusu watu kuhamishiwa katika vijiji vya ujamaa, na vijana wasomi wanaorudi kwao wakiwa na siasa vichwani mwao. Kezilahabi anawasikiliza wanavijiji kwa heshima. Anatuonyesha hofu yao, ujanja wao, na sababu zao za kukataa, bila kuwafanya wajinga wala mashujaa wa bango. Nilimsimulia mzee mmoja niliyekaa naye dukani, aliyehamishwa akiwa kijana. Alinisikiliza, akasema jambo moja tu: mwandishi hakuzusha. Kisha akaanza kusimulia ya kwake, nami nikafunga kitabu nikasikiliza, kwa kuwa hiyo nayo ilikuwa sehemu ya kusoma. Kitabu kizuri humpa mtu ruhusa ya kuyasema aliyoyanyamazia.

Hapo dukani alikuwepo msichana aliyemaliza kidato cha nne, binti wa mwenye duka. Aliikamata Rosa Mistika yangu akauliza kama anaweza kuisoma mpaka jioni. Jioni alikuwa ameshafika mbali, na alikuwa na hasira. Alimkasirikia Zakaria, akamkasirikia Rosa, akawakasirikia wanaume wote wa kitabuni. Tukazungumza nyuma ya duka kwa muda mrefu: baba mkali anazaa nini, uhuru bila maarifa unampeleka binti wapi, na kwa nini jamii inamwadhibu msichana kwa kosa lililotendwa na watu wawili. Mama yake alikuwa ndani akipima sukari. Mara akatoa kichwa dirishani.

"Huyo Rosa alikuwa na mama?"

Alikuwa naye, Regina, naye alikuwa akipigwa vilevile.

"Basi nami nitakisoma," akasema, akaendelea na sukari yake.

Kitabu nikakiacha Namagondo. Kilikuwa kimefika kwao.

Rugezi na mbele

Sikurudi kwa meli ya Mwanza. Nilitoka kwa upande wa mashariki, ambako kivuko kinavusha watu na magari kutoka Rugezi kwenda Kisorya, na kutoka hapo barabara inakwenda Bunda. Kabla ya kuondoka nilipita tena kwa mwalimu kumuaga. Alikuwa ameniwekea kitabu mezani, Miradi Bubu ya Wazalendo ya Ruhumbika, nakala ya 1992 yenye mistari ya penseli pembeni. Alisema amekisoma mara nyingi, na kwamba aliyesoma wawili wa kisiwa hajamaliza, sharti awasome wote watatu.

Hicho ndicho ninachokisoma sasa, na nakifurahia. Ni riwaya ya watu wa kawaida walioubeba uhuru mabegani wakitumaini kwamba wao pia watakula matunda yake, na ya wachache waliojua njia ya kufika mezani mapema. Ruhumbika anaandika Kiswahili kilichonyooka, chenye uchungu uliotulia. Mistari ya penseli ya mwalimu inanisaidia: najua wapi alisimama, wapi aliweka alama ya kuuliza, na mahali pamoja ambapo ameandika "kweli" pembeni, akaikolezea wino. Ni kama ninasoma na watu wawili kwa wakati mmoja.

Pembeni yake nina Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis mwaka 2022. Mtoto Yusuf anachukuliwa kwao kulipia deni la baba, anasafiri na msafara wa biashara kuelekea bara, na katika safari hiyo nchi yetu ya kabla ya vita vya kwanza vya dunia inaonekana ikiwa na masoko yake, hofu zake na tamaa zake. Baada ya Kitereza, ninaisoma kwa jicho jipya. Mmoja alitazama kutoka ndani ya kisiwa, watu wakiwa wametulia kwao. Mwingine anatazama kutoka njiani, watu wakiwa wameng'olewa. Anayetaka kuijua Afrika Mashariki ya wakati ule asome vyote viwili, kimoja baada ya kingine.

Rafiki yangu aliponiazima Kitereza kwa sharti la kumsimulia mtu mwingine, nililichukulia kama sharti la urafiki. Sasa naliona kama wajibu wa kila msomaji wa Kiswahili. Maduka yetu ya vitabu ni machache na mengi yamejaa vitabu vya kiada. Maktaba za mikoa zipo, ila mtu wa Kagunguli au Namagondo hawezi kupanda meli ili aazime riwaya. Magazeti hayatupi nafasi kubwa ya kuhakiki. Katika hali hiyo, kitabu kinasafiri kwa mdomo wa aliyekisoma. Muswada wa Kitereza uliishi hivyo miaka 35. Rosa Mistika ilipozuiwa iliishi hivyo, ndani ya gazeti, mikononi mwa walimu vijana.

Kwa hiyo tusione haya kusimulia tunachosoma. Tusimulie sokoni, kwenye basi, kwenye foleni ya hospitali, mezani na watoto. Si lazima mtu awe mhakiki. Mama wa dagaa aliuelewa mgogoro wa Bugonoka kwa dakika moja. Inatosha kusema: nimekutana na mtu kitabuni, jambo hili limempata, na mimi bado namfikiria. Na anayesikia akiuliza kilichofuata, tumpe kitabu, hata kama tulikuwa tunakipenda na kukiweka mahali pazuri kabatini. Ruhumbika nikimmaliza ana mtu anayemsubiri Temeke, na nimeshamwambia nusu ya hadithi.